Breki za Baba Mkwe

Mwezi uliopita tulikutana Mwaya, ukoo mzima, kumwoza mjukuu wetu, na kabla hata wali haujaisha sahanini Ambokile, mtoto wa shemeji yangu, akaanza kuilalamikia pikapu yake. Breki zimekwisha tena. Amebadilisha pedi juzi tu, anasema, na sasa ukikanyaga unasikia chuma kinasaga chuma. Fundi anamwambia pedi ni feki, muuza vipuri anamwambia fundi hajui kazi. Akanigeukia mimi, kwa kuwa katika familia yetu mambo ya gari bado huletwa kwangu ingawa magoti yamechoka na usukani nimeuacha. "Mama mdogo," akaniuliza, "hivi breki za pikapu zinatakiwa zikae muda gani?" Nikamwambia inategemea nani amekaa nyuma. Vijana walinitazama kama nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini baba yake, Gwamaka, alicheka mpaka samaki akamwendea njia siyo, ikabidi apigwe mgongoni, na mama mmoja wa rika letu akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Waliobaki wa umri wetu walielewa. Nimeona si haki watoto wamalize harusi nzima bila kuelewa wazee wao wanacheka nini, kwa hiyo naueleza mwaka wenyewe.

Inabidi nianze na jambo ambalo vijana wa leo hawalijui vizuri. Kwetu Wanyakyusa, zamani, mke hakumwona baba mkwe wake. Sisemi hakumsalimia, nasema hakumwona. Akimsikia anakuja njiani aliingia migombani akageuza uso hadi apite. Hakula mbele yake, hakusema naye, hakukaa naye chumba kimoja. Tunasema anamtila, yaani anamcha. Mwaka ninaousimulia wengi walikuwa wameshalegeza, na kwetu Tukuyu, kule juu nilikotoka, mabinti waliwaamkia wakwe zao barabarani kama watu wengine. Baba mkwe wangu hakulegeza. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa ameacha pombe, ameacha matambiko na ameacha wazo la mke wa pili, lakini hili alisema Mungu hakumwomba aliache. Nilifika nyumbani kwake Mwaya nimeolewa na mwanawe wa pili, mwalimu wa shule ya msingi ambaye kila mtu, hata mama yake, alimwita Mwalimu, na nikaishi uani kwake bila kuujua uso wake. Niliijua kofia yake kwa mbali. Niliijua sauti yake na kikohozi chake, ambacho alikikohoa kwa makusudi kila alipokata kona ya nyumba ili nipate nafasi ya kujificha. Mzee mwungwana, huyo.

Sauti hiyo niliisikia zaidi jikoni. Jiko la mama mkwe lilikuwa na ukuta wa mianzi, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na baraza ambapo mzee alikula chakula chake. Yeye huko, sisi huku, moshi unapita kote. Ndani mle nilijifunza kupika mbalaga, ndizi zetu zile, pamoja na mbasa, samaki wa ziwani, mpaka mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila kuuongezea kitu, na ndani mle nilisikia habari zote za nyumba ile, kwa sababu mianzi haizuii neno. Harufu ya kakao iliyokuwa inachachuka chini ya majani ya migomba iliingia pia, kali na tamu kidogo, na hadi leo nikiisikia popote najikuta nataka kucheka.

Siku moja baada ya mavuno ya mpunga nilisikia pikapu inauzwa. Ilikuwa pikapu nyeupe iliyonunuliwa kwa kakao, ikipandisha mchele, ndizi na dagaa hadi Tukuyu, ikiteremsha viazi na maharage. Dereva wake alikuwa Gwamaka, kaka wa mume wangu, kijana mzuri sana aliyeujua mwendo wa aina mbili tu: kuruka na kusimama. Alikuwa mtoto wa tambarare. Huku Kyela ardhi imelala kama meza, na mtu aliyejifunza kuendesha kwenye meza akikutana na mteremko wa Tukuyu anajua dawa moja, kukanyaga breki juu hadi chini. Pedi zilikuwa zinaisha kabla hazijazoeana na gari. Mzee alikuwa amechoka kumpelekea fundi gari, na mfanyabiashara mmoja wa Njisi, mtu wa mpakani mwenye tumbo na tabasamu, alikuwa akija kila mara kulipigapiga boneti kama mtu anayenunua ng'ombe. Mzee akasema kwenye baraza kwamba Gwamaka atafute kazi nyingine na mtu wa Njisi aitwe.

Mimi nilikuwa namenya ndizi. Sijui nini kiliniingia. Nilijifunza udereva Tukuyu kwenye lori la kubebea majani ya chai, na tangu niolewe nilikuwa nimeshika jembe na mwiko tu, na moyo wangu ulikuwa unakauka, nasema kweli. Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta: "Mama, mwambie baba mimi naendesha."

Upande wa pili kijiko kilisimama. Kisha: "Mama Gwamaka, muulize, anaendesha nini?"

"Mama, mwambie lori la chai."

"Mama Gwamaka, muulize, kwenye mteremko anafanyaje?"

"Mama, mwambie nashuka na gia ya pili, breki nagusa tu."

Mama mkwe hakufikisha hata neno moja. Aliendelea kumenya ndizi zake, macho chini, akitikisika mabega kwa kicheko alichokibana. Ndivyo mazungumzo yalivyokuwa katika nyumba ile, alipokuwepo yeye tuliweza kusema lolote, na kazi yake ilikuwa kuwepo. Mzee alimaliza kula, akanawa, akakohoa. Kisha akatoa neno lake. Fundi aweke pedi mpya. Zikifika mavuno yajayo, gari linabaki, na usukani ni wangu. Zikiisha kabla, mtu wa Njisi anachukua gari lake na mimi narudi shambani bila manung'uniko. Nilimwambia mama mkwe amwambie nimekubali. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, Mwalimu akanikuta huko akadhani nimefiwa.

Fundi alikuwa Fundi Seif wa Kyela mjini, mwenye duka la vipuri mbele na gereji nyuma. Wazee wake walitoka Tanga, naye alizaliwa hapa hapa lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kina chumvi ya baharini. Alifungua magurudumu, akanionyesha pedi zilizotoka, zimelika hadi bati. "Hizi, mwanangu, kwa teksi ya hapa mjini zingekaa miaka miwili, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Shemeji yako ana mguu wa kukanyagia mpunga. Wewe utakwenda nazo wapi?" Nikamwambia Tukuyu na Mwaya, mchanga, tope na mteremko. Akakuna ndevu. "Basi miezi sita, ukiwa na adabu. Mwaka mzima sijawahi kuona. Kila la heri." Mkewe alituletea chai ya tangawizi na vitumbua, na nikanywa nikijua alikuwa anasema kweli.

Sasa, jambo ambalo Fundi Seif hakulihesabu, na wala mimi sikulihesabu, ni mzee mwenyewe. Hakumwamini mtu mwingine kupatana bei na watu wa Tukuyu, kwa hiyo kila safari alikuwepo. Mbele hawezi kukaa, nipo mimi. Basi alikaa nyuma, juu ya magunia, mwisho kabisa wa bodi, ameielekezea uso barabara tuliyotoka, na mwavuli wake. Kioo cha ndani nilikigeuzia darini nisije nikamwona. Vioo vya pembeni nilivikunja. Mama mkwe alikaa mbele na mimi kila safari, kwa kuwa bila yeye hatungeweza kusemezana, na nilipotaka kurudi nyuma yeye ndiye aliyeshuka na kuniita, "njoo, njoo, njoo, hapo mwanangu, hapo, umeukanyaga mchicha wa watu." Watu wa stendi walikuwa wanaacha shughuli zao kututazama.

Hebu fikiria kuendesha ukiwa na mtu kama huyo mgongoni. Dereva yeyote ana mizigo, lakini mimi nilikuwa na mzee ambaye nikifunga breki ghafla atateleza juu ya magunia, atakuja hadi kwenye kioo cha kebini, na kitatokea ambacho hakitakiwi kutokea. Kwa hiyo sikufunga breki ghafla. Ng'ombe nilimwona akiwa bado anafikiria kuvuka. Mlangoni mwa shule nilikuwa nimeshaachia mafuta kabla watoto hawajaisikia kengele. Kila daraja nililifikia likiwa linanisubiri, na kila mteremko niliuingia na gia nzito, injini ikiunguruma, mguu wangu umeelea juu ya breki bila kuigusa. Mama mkwe alisema mwendo wangu unamlaza usingizi, na kweli alilala, akikoroma polepole. Mimi nilikuwa naimba. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, dirisha limeshushwa, milima ya Rungwe mbele wakati wa kwenda na ziwa chini likimetameta wakati wa kurudi, na sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na Mwalimu ananisamehe kwa kuandika hivyo kwa sababu anajua. Yeye gari lilimchefua. Alipanda mara moja tu hadi Ipinda, akashuka akiwa rangi ya kijani kibichi, na tangu hapo alitupungia mkono getini.

Krismasi ikapita. Fundi Seif alikuwa amenipa miezi sita, na ilipotimia akafungua gurudumu, akazichungulia pedi, akalifunga, akasema tu, "Nenda." Habari zikaenea. Madereva wa Kyela walianza kuja dukani kwake kuulizia pedi kama za yule mama wa Mwaya, naye akawauzia pedi zile zile alizowauzia siku zote, kwa uso wa mtu mcha Mungu. Hakuna aliyefikiria kuuliza ni nani anayekaa nyuma.

Masika ilinitia mtihanini. Mwaka ule mvua ilinyesha kama kawaida yetu, maana yake mito ilitoka ikaja kututembelea majumbani, na barabara ya Mwaya ikawa tope hadi kwenye vyuma vya chini ya gari. Siku moja tunaingia uani, breki zikalia. Zilipiga kelele kali, ndefu, kuku wakatawanyika. Nikasikia mzee anashuka. Wakati wa chakula cha mchana ukuta wa mianzi ukasema: "Mama Gwamaka, nimezisikia. Gwamaka alipozimaliza zililia hivyo hivyo. Mtu wa Njisi aambiwe." Nilikuwa na tonge la ugali mkononi, likakauka. Nikamwambia mama mkwe amwambie baba atoe nafasi Fundi Seif aziangalie kwanza, na kwa mara ya kwanza sauti yangu ilitetemeka, naye nadhani aliisikia. "Mwambie aziangalie," akasema.

Mtu wa Njisi alifika gereji kabla yetu. Alikuwa ameshika kamba ya kukokotea gari mkononi, sijui alidhani nini. Fundi Seif akafungua gurudumu, na tope lililokauka likadondoka, na ndani yake mchanga na hata pumba za mpunga zilizokuwa zimejibana kati ya pedi na disk. Akamwaga maji, akasugua kwa brashi, akarudisha. Nikazunguka uwanja wa gereji nikakanyaga breki. Kimya. "Hizi zilikuwa zinalima tu," Fundi Seif akamwambia mtu wa Njisi. "Rudi na kamba yako, bwana." Kutoka nyuma ya gari, ambako mzee alikuwa amekaa chini ya mwavuli akitazama upande mwingine, nilisikia kikohozi kile, lakini mara hii hakikuwa cha kunionya.

Zilikuwa zimebaki wiki chache mpunga uvunwe. Tulikuwa tunateremka kutoka Tukuyu na viazi, mchana mweupe, mama mkwe amelala. Pembeni mwa barabara kulikuwa na njia nyembamba inayotoka mashambani, na kutoka njia hiyo akachomoka mtu na baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi kila upande, hana breki, ameegemeza kandambili kwenye gurudumu la nyuma ndiyo breki yake, na kandambili imekataa. Akaja mbele yangu moja kwa moja. Hapakuwa na muda wa gia. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Zilishika. Mungu wangu, zilishika, gari likainamisha pua na kusimama, na yule mtu akapita mbele ya boneti karibu nimshike, ndizi zikitikisika, akainua mkono mmoja, akasema "Ndaga," yaani asante, kama mtu aliyepishwa mlangoni, akaendelea na mteremko.

Nyuma nikasikia kishindo. Viazi vilibingirika, na kitu kizito kikagonga kioo cha kebini, na nikajua ni mzee, na nikadhani nimemuua. Niligeuka kabla sijakumbuka kwamba sigeuki. Alikuwa amegeuzwa na viazi, amebandika viganja vyote viwili kwenye kioo, kofia haipo, uso umekaribia kioo kiasi cha kukitia ukungu. Tukatazamana. Niliona sura ya mume wangu, imezeeka, imeota mvi kwenye nyusi, na mwanya ule ule kwenye meno ya juu, na niliuona mwanya kwa sababu mzee alikuwa anacheka. Alikuwa ameogopa kufa, hakufa, na kicheko kilikuwa kimemtoka bila ruhusa. Na mimi nikacheka. Ilikuwa kitambo kidogo sana. Kisha akakumbuka, akajifunika uso kwa mikono, na mama mkwe aliyekuwa ameamka kwa kishindo akasema "Yesu," akavua kanga yake akanitupia kichwani, na nikakaa humo gizani, mikono kwenye usukani, nikiwa nacheka na kulia pamoja.

Nyumbani mama mkwe alichukua ufunguo akautundika msumarini chumbani kwake, akaniambia bila ukali, "Subiri, mwanangu." Nilisubiri. Breki zilikuwa nzima, mavuno yalikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimeshindwa kwa jambo ambalo hakuna fundi angelitengeneza. Mkwe aliyemwona mkwe wake uso kwa uso hawezi kumwendesha kesho yake kama hakijatokea kitu. Wazee wenzake walikuja barazani, na nikiwa nachambua mchele nilisikia kila neno. Mmoja alisema huo ndio mwisho wa kumpa mwanamke gari. Mwingine alisema mzee aache safari, abaki nyumbani. Mwalimu wangu, ambaye hakuwahi kubishana na baba yake maishani, aliingia barazani akasema kwamba kama mke wake asingekanyaga, leo wangekuwa wanamzika mtu wa ndizi. Halafu akatoka haraka. Nilimpenda sana siku ile.

Siku ya kwanza ya mavuno Fundi Seif aliletwa nyumbani afungue magurudumu mbele ya watu, kama tulivyokubaliana. Mtu wa Njisi naye alikuja, safari hii bila kamba. Mimi nilibaki jikoni, jicho kwenye upenyo wa mianzi. Fundi akatoa pedi, akazipangusa kwenye suruali, akaziinua juu. "Nyembamba kama biskuti," akasema, "lakini zipo. Mzee, zimefika." Watu wakapiga makofi. Mtu wa Njisi akasema bila shaka gari lililala uani mwaka mzima, na mama mmoja akamjibu kwamba aliyelala mwaka mzima ni yeye.

Lakini kila mtu alijua kilichobaki. Mzee alikohoa. "Nimelifikiria," akasema. "Breki hazina kosa, zilishika. Dereva hana kosa, angefanya nini? Na mimi sina kosa, nilisukumwa na viazi. Nimetafuta kosa liko wapi. Liko kwenye kioo. Mama Gwamaka, una kitenge kizito?"

Mama mkwe alikuwa nacho, na nadhani alikuwa ameshakishona, kwa sababu aliingia chumbani na kutoka na pazia limekamilika, lina pindo na kamba. Lilikuwa la maua makubwa ya njano. Fundi Seif alilifunga kwenye kioo cha nyuma cha kebini, kwa ndani, kwa heshima zote, kisha akaweka pedi mpya magurudumu yote. Mpunga ukapakiwa. Mama mkwe akanipa ufunguo mkononi, nikapanda, na nikausogelea mlango wa pili nikamfungulia. Akatikisa kichwa. Leo ana wavunaji wa kuwapikia, akasema, haendi, akaufunga mlango kwa nje na kuelekea jikoni bila kugeuka.

Nikasikia magunia yanakandamizwa, mwavuli unafunguliwa, kikohozi. Nikasubiri.

"Mama Gwamaka," sauti ikasema nyuma ya pazia, "mwambie dereva twende."

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu, na yeye alijua ni kitupu, alimwona mkewe akienda. Nikasubiri kidogo tena, kwa adabu, endapo atatokea mtu wa kunifikishia. Kisha nikamjibu mwenyewe: "Haya, baba. Twende."

Pazia halikutikisika.

"Ndaga, mwanangu," akasema. "Pedi ni mpya hizo. Usizikanyage ovyo."